Kamkoda ya kwanza ya mahojiano: itazame ubavuni kwanza

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Muheza. Nataka kuwarekodi wazee waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge enzi za manamba, yaani vibarua wa mkataba. Wengi waliletwa vijana kutoka Kigoma, Songea na Msumbiji, na sasa wana zaidi ya miaka 80. Sijawahi kumiliki kamera ya video. Akiba yangu si kubwa, lakini mwanangu yuko Marekani na amesema anaweza kunitafutia huko. Dar es Salaam wananionyesha kamera za 4K, zile za picha kali zaidi, na jirani yangu ananishauri ninunue ya begani kwa mpiga video wa harusi. Nichukue ipi?

JIBU: Mwalimu, shikamoo.

Ukifika dukani, kabla hujafungua kioo cha kamera na kabla hujauliza kama ni 4K, igeuze uitazame ubavuni. Unatafuta matundu mawili: la kuchomeka maiki na la kuchomeka hedifoni. Yakiwepo yote mawili, endelea kuzungumza na muuzaji. Likikosekana la maiki, mrudishie kamera yake hata kama picha inang'aa namna gani. Zipo kamkoda (kamera za video za mkononi) nzuri tu za familia, kwa mfano Sony HDR-CX405, ambazo picha yake ni safi lakini hazina tundu la maiki. Kwa siku ya kuzaliwa mjukuu inatosha. Kwa kazi yako, hapana.

Maiki iliyomo ndani ya kamera inasikia kutoka pale kamera ilipokaa. Ukiiweka mita mbili mbele ya mzee, itaokota feni, kuku na bodaboda inayopita barabarani, na sauti ya mzee itaingia imechanganyika na mwangwi wa chumba. Mzee wa miaka 85 hahutubii. Sauti yake inashuka kadiri sentensi inavyokwisha, na mara nyingi huko mwishoni ndiko liliko jina la nyapara au la kambi aliyolala usiku wa kwanza. Picha yenye giza kidogo mtu ataivumilia, lakini neno ambalo maiki haikulisikia ndilo limekwenda, hata umpe fundi wa kompyuta wa namna gani.

Hedifoni nazo si mapambo. Mistari ya sauti kwenye kioo inapanda na kushuka vizuri tu hata wakati maiki inasuguana na kanzu, au waya umelegea na unakwaruza. Macho yanaona mistari inacheza na kuridhika. Ni sikio tu litakalokuambia kwamba kinachocheza ni kitambaa. Vaa hedifoni tangu mwanzo hadi mwisho, na ukisikia mkwaruzo mwombe mzee radhi, tengeneza, endelea.

Kitu cha tatu hakionekani ubavuni, kipo kwenye menyu: uwezo wa kupanga kiwango cha sauti mwenyewe. Kamera ikiachiwa ijipangie, mtu anaponyamaza yenyewe inadhani sauti imepungua, inaongeza. Jaribio lake ni jepesi, lifanye palepale dukani. Chomeka maiki, vaa hedifoni, sema maneno mawili matatu, halafu nyamaza kwa sekunde kumi. Ukisikia mvumo unapanda taratibu kama mvua inayokuja, ujue kamera inajiongezea. Sasa ingia kwenye menyu uzime huo utaratibu. Ukikubali kuzimika na ukaweza kupanga kwa mkono, umepata kamera ya mahojiano. Sauti ya mzee icheze karibu na alama ya -12 kwenye mistari ya sauti, na anapocheka au kupaza sauti isipite -6. Wazee wa mkonge wakifika kwenye nyimbo za kazini watapaza, kwa hiyo acha nafasi hiyo tangu mwanzo.

Matundu ya maiki yako ya aina mbili. Lile dogo la milimita 3.5 linafanana na la earphone za simu, na linatosha kabisa kuanzia. Ubaya wake ni kwamba waya ukivutwa kidogo unachomoka, na hutajua kama hujavaa hedifoni. Aina ya pili ni XLR, lile tundu kubwa la mviringo lenye matundu matatu madogo ndani, ambalo waya ukiingia unajifunga. Kamkoda zenye XLR huwa na mawili, kwa hiyo mzee anapata maiki yake nawe ya kwako, kila moja kwenye njia yake. Tundu hilo pia linaweza kupeleka umeme wa volti 48 kwa maiki zinazouhitaji. Kwa kazi ya kumbukumbu, njia mbili zilizotengana ni jambo kubwa: ukikohoa juu ya jibu la mzee, kikohozi kinabaki upande wako.

Maiki yenyewe iwe ile ndogo ya kubana kwenye nguo. Boya BY-M1 imejaa madukani, ni ya bei ndogo, waya wake una urefu wa mita 6, na nimeona kazi za heshima zikifanywa nayo. Ina swichi yenye upande wa simu na upande wa kamera. Ukiichomeka kwenye kamera huku swichi ipo upande wa simu, au betri yake ndogo ya LR44 imekwisha, utarekodi ukimya au mnong'ono. Nunua betri hizo kadhaa uziweke mfukoni mwa begi. Za bila waya zina raha yake, na seti kama Rode Wireless Go II ina maiki mbili kwa kipokezi kimoja na inaweza kumweka kila mtu kwenye njia yake hata kwa tundu la 3.5. Lakini hizo ni vitu vitatu zaidi vya kuchaji kila usiku, na mzee aliyeketi kwenye kiti chake haendi popote. Waya unamtosha.

Ibane shubiri moja chini ya kidevu. Kwa mzee aliyevaa kanzu, ukingo wa mpasuo wa kifuani unafaa. Kwa bibi aliyejifunga mtandio, maiki ikae juu ya kitambaa, isifunikwe, na uwe na mwanamke wa kumvalisha, binti yake au jirani. Bibi aliyevalishwa maiki na mwanaume asiyemjua atakaa amejikaza saa nzima.

Hizo za 4K ulizoonyeshwa zigawe mafungu mawili. Kuna za kweli, kama Sony FDR-AX53, yenye lenzi inayosogeza picha mara 20, tundu la maiki na la hedifoni. Ni kamera nzuri. Kuna na zile zisizo na jina unalolijua, zenye maandishi makubwa ubavuni, "4K" na "48MP", na maiki ya manyoya imepachikwa juu kwa urembo. Soma habari ya zumu. Ikiandikwa "digital zoom 16X" na hakuna "optical" popote, hiyo lenzi haisogei. Kamera inakata katikati ya picha na kuipanua. Na hiyo 4K mara nyingi ni picha ndogo iliyonyooshwa. Simu ya wastani ya miaka hii inaishinda, na sitaki utoe akiba yako ya ustaafu kwa kitu kinachoshindwa na simu.

Ya begani nayo nitaikataa, ingawa naelewa kwa nini jirani anaipenda. Ukitokea na kamera ya begani watu wanakupisha njia. Lakini nyingi zinazouzwa na wapiga video wa harusi ni za kanda za MiniDV. Kanda moja kwa kawaida ni dakika 60, kanda zenyewe zinapatikana kwa tabu, na kuhamishia kwenye kompyuta unahitaji tundu la FireWire ambalo kompyuta za sasa hazina. Picha yake ni ya pikseli 720 kwa 576. Hata zile za begani zinazotumia memori kadi, baadhi ni bodi kubwa iliyobeba sensa (kile kipande kinachopokea mwanga) ndogo ya kamera ya familia. Utakuwa unalipia mwili.

Usishangae sijataja kamera za picha za mnato zinazorekodi video, ambazo vijana wanazipenda kwa sababu zinafifisha mandhari ya nyuma. Nyingi, hasa za miaka ya nyuma, zinajizima baada ya dakika 29 na sekunde 59. Si hitilafu: Ulaya ilikuwa ikitoza ushuru zaidi kifaa kinachoweza kurekodi nusu saa au zaidi, kwa sababu kilihesabiwa kuwa kamera ya video, basi watengenezaji wakaweka kikomo. Mzee akianza kueleza safari ya treni kutoka Kigoma hataangalia saa yako. Kamkoda inarekodi mpaka kadi ijae au umeme uishe. Na sensa yake ndogo, ambayo wengi wanaiona kasoro, kwako ni msaada. Sensa kubwa yenye mandhari iliyofifia inataka mtu akae palepale. Akiinama mbele kuonyesha kovu la kisu cha mkonge, uso unatoka kwenye fokasi. Kwenye kamkoda ataegemea na kuinama apendavyo, na bado ataonekana vizuri.

Sasa mwanao. Mwambie ahsante, lakini asinunue chochote kabla hujasoma hapa.

Umeme wa Marekani unakwenda kwa mizunguko 60 kwa sekunde, wetu kwa 50. Kamera za huko zimepangwa kurekodi fremu (picha moja moja) 30 au 60 kwa sekunde, za huku 25 au 50. Kwenye jua huoni tofauti. Ukiingia ndani, chini ya bomba la mwanga au balbu nyingi za kisasa, mwanga wetu unapepesa mara 100 kwa sekunde, na kamera ya Kimarekani inakosana nao; ukuta unaanza kupwita au mistari ya giza inapanda kwenye picha. Kamera za kitaalamu nyingi zina sehemu ya menyu ya kubadilisha kati ya 50 na 60. Za familia nyingi hazina. Kama tayari ameshanunua, dawa ipo: weka kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, kwa mkono kwenye 1/100 ya sekunde, kupwita kutapungua sana au kuisha, ila utahitaji mwanga zaidi. Vinginevyo nunua iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya, Dubai au huku kwetu. Ya Uingereza haina tatizo hilo kwa sababu umeme wao ni 50 kama wetu.

Ya Japani iangalie mara mbili. Pamoja na kuwa na fremu za 60, baadhi ya kamkoda zilizouzwa kwa soko la ndani la Japani zina menyu ya Kijapani pekee, na hakuna pa kubadilisha. Zinaletwa pamoja na mitumba mingine na bei yake ni tamu. Fungua menyu mbele ya muuzaji, utafute mahali pa lugha.

Kuhusu picha nitakuwa mfupi, kwa sababu karibu kamkoda yoyote yenye matundu yale mawili itakupa picha ya kutosha. HD ya 1080 inatosha kwa mtu anayekaa na kuzungumza. Jambo moja tu lazima liwepo: uwezo wa kupanga mwanga kwa mkono au kuufunga. Fikiria mzee mweusi, kofia nyeupe, kanzu nyeupe, nyuma yake ukuta wa chokaa. Kamera inayojiamulia inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga wote, na uso, ambao ndio umeufuata, unageuka kivuli chenye macho mawili. Panga mwanga ukiutazama uso tu. Kanzu ikipoteza mikunjo yake, iache ipotee. Kisha msogeze mzee mita mbili au tatu kutoka ukutani, kiti kikae karibu na mlango au dirisha ili mwanga umpate kwa ubavu. Barazani ni pazuri kuliko sebuleni, ila upepo ukivuma vaa maiki kofia yake ya sponji. Mvua ikianza juu ya bati, acha kurekodi mnywe chai. Hakuna maiki inayoshindana na bati.

Kadi na nafasi ni suala la hesabu. Ukirekodi HD kwa kiwango cha megabiti 24 kwa sekunde, saa moja inakula karibu GB 11. Kwa megabiti 28 ni karibu GB 12.6. Kwa 4K ya megabiti 100, saa moja ni GB 45. Kadi ya GB 64 inakupa basi takriban saa tano na nusu hadi sita kwa hesabu ya kwanza, na chini ya saa moja na nusu kwa hesabu ya mwisho. Wazee ishirini wa saa tatu tatu kwa HD ni kama GB 650, na kwa nakala mbili unahitaji diski mbili za nje za TB 1 kila moja. Kwa 4K ni GB 2,700, mara mbili. Nadhani unaona kwa nini siisukumi 4K kwako.

Kamera itakayokufaa, kwa maoni yangu, ni Canon XA10 au XA11 iliyotumika, toleo la nchi zenye umeme wa 50. XA10 ilitoka mwaka 2011: ni HD, ina nafasi mbili za kadi pamoja na memori ya ndani ya GB 64, na matundu mawili ya XLR. XA11 ni ya mwaka 2017, lenzi yake inasogeza mara 20 dhidi ya mara 10 za XA10, nayo ina nafasi mbili za kadi. Ukiona XA15 bei ya juu zaidi, usiongeze pesa. Kilichozidi ni tundu la SDI la kupeleka picha kwenye mitambo ya televisheni, na wewe huna mitambo. Kama akiba inafika kwenye mpya, tafuta yoyote ya Canon, Sony au Panasonic yenye matundu yale, hata kama ni la 3.5 tu.

Kwenye XA10 na XA11 uliza swali moja kabla ya kujadili bei: mpini wa juu upo? Matundu ya XLR yamo kwenye huo mpini, na mpini unatoka. Watu huupoteza, au huuza peke yake. Bila mpini kamera bado inafanya kazi na ina tundu la 3.5, lakini XA10 bila mpini ni karibu sawa na ndugu yake, Canon Legria HF G10, na bei lazima ishuke ifanane. Ukipewa yenye mpini, chomeka maiki kwenye kila tundu, sikiliza moja moja. Sogeza zumu mpaka mwisho na kurudi, mara kadhaa, usikie kama inakwama. Gusa kioo kwenye kona zote nne. Rekodi dakika kumi mfululizo ukinywa soda, kisha uicheze. Muuzaji akikasirika kwa dakika kumi, hilo nalo ni jibu.

Usimalize akiba kwenye kamera. Mimi ningetenga nusu tu. Nusu nyingine ni maiki mbili, hedifoni za kufunika masikio, tripodi nzito kiasi cha kutotikiswa na mtoto anayekimbia, kadi mbili halisi kutoka duka linalokubali kurudishiwa, betri ya pili kubwa, na diski zile. XA11 hutumia betri za BP-820 na BP-828; hiyo ya pili ndiyo kubwa. Za bandia zipo, nyingine zinasoma zimejaa kisha zinazima ghafla, kwa hiyo ijaribu nyumbani kwa saa nzima kabla ya kuitegemea. Penye umeme, rekodi kamera ikiwa imechomekwa na betri ikiwa ndani, ili ukikatika usipoteze kitu.

Na kama pesa haifiki hata kwa XA10? Tumia simu uliyonayo na BY-M1, uiweke kwenye hali ya ndege ili isiite, uifunge kwenye tripodi, uanze. Hao wazee wana zaidi ya miaka 80. Kusubiri msimu mwingine wa akiba kunaweza kukugharimu mtu, na hilo ni kubwa kuliko tofauti kati ya simu na kamkoda.

Ukishapata kamera, wa kwanza kumrekodi awe mtu wa nyumbani, saa moja kamili bila kusimama. Utaona kwenye kompyuta kwamba saa hiyo imekatwa vipande, kwa sababu kamera hizi hugawa faili linapofika GB 2 au 4. Usivute vipande kimoja kimoja. Nakili folda yote ya PRIVATE kama ilivyo, uipe jina la mtu na tarehe, na uunganishe kwa programu inayoelewa AVCHD, muundo wa faili za kamkoda hizi. Ukivibandika ovyo, silabi moja inaweza kumezwa kwenye kila kiungo. Ifanye kazi hiyo mara mbili, kwenye diski mbili, ndipo ufute kadi. Diski moja ibaki Muheza, nyingine ikae kwa ndugu katika mji mwingine.

Na kwa kila mzee, ukishabonyeza kitufe chekundu na kusikia pumzi yake kwenye hedifoni, mwombe ataje mwenyewe jina lake, alikozaliwa, mwaka aliofika shambani kama anaukumbuka, na kwamba amekubali kurekodiwa. Karatasi ya maelezo ikipotea, yote hayo yatakuwa ndani ya faili.